Mgeni Aliyenyimwa Jembe: Wayahudi Walivyofanywa Watu wa Kuja

Mwaka 38 BK, gavana wa Kirumi huko Aleksandria, Misri, jina lake Flaccus, alitoa tangazo kwamba Wayahudi wa mji ule ni wageni, watu wa kuja. Habari hizi tunazo kutoka kwa Filo, mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyekuwa mwenyeji wa mji huohuo na aliyeyaona mambo kwa macho yake. Fujo zilikuwa zimeshaanza kwa watu kuingiza sanamu za mfalme kwenye masinagogi, lakini baada ya tangazo ndipo zilipokosa breki. Familia zilizokuwa zikiishi mitaa mbalimbali zilisukumwa zikajazana mtaa mmoja, nyumba na maduka yao yakaporwa, na aliyekutwa nje ya mtaa ule alipigwa hata kufa.

Hao "wageni" walikuwa wameishi Aleksandria karibu miaka 300, yaani karibu tangu mji wenyewe ulipojengwa. Walizungumza Kigiriki kama majirani zao, na hata maandiko yao matakatifu walikuwa wakiyasoma kwa Kigiriki. Mwaka 41 Kaisari Klaudio aliandika barua ya kupoza mambo, na nakala yake iliyoandikwa kwenye mafunjo ipo London hadi leo. Aliwaagiza Wagiriki wawaache Wayahudi wafuate mila zao. Kisha akawageukia Wayahudi na kuwaambia waridhike na walicho nacho, kwani tayari wanafaidi neema tele katika mji usio wao.

Mji usio wao, baada ya miaka 300! Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msemo huu kwa kawaida husemwa kumsuta mgeni mvivu, lakini una upande wa pili ambao hatuusemi sana: ukimpa mtu jembe, umekubali kwamba ugeni wake umekwisha. Ninavyoisoma historia ya chuki dhidi ya Wayahudi, naona mtu aliyenyimwa jembe kwa sheria iliyoandikwa na kupigwa mhuri, kisha akalaumiwa kwamba hataki kulima.

Nyuma ya ugomvi wa Aleksandria kulikuwa na kodi. Roma ilipoitwaa Misri mwaka 30 KK ilileta kodi ya kichwa. Raia wa mji, yaani Wagiriki, walisamehewa. Wamisri wa kawaida walilipa. Je, Myahudi aliyezaliwa mjini ahesabiwe upande gani? Hapo ndipo swali la "huyu ni mwenzetu au mgeni" lilipopata uzito wa fedha, na tangu siku hiyo halikuupoteza tena.

Tofauti za kweli zilikuwepo, na kuzikana ni kujidanganya. Wayahudi walipumzika Sabato, waliwatahiri watoto wa kiume, walichagua vyakula, na hawakuitolea sadaka miungu ya mji. Katika dunia ile mungu wa mji alikuwa mwenyeji wa karamu, wa mashindano na wa sikukuu zote. Anayemkataa alionekana kama jirani asiyefika msibani wala harusini: hajakudhuru, lakini watu wanaanza kumsema. Tangu karne ya 3 KK kuhani mmoja wa Kimisri, Manetho, alikuwa akisimulia kwamba asili ya watu hao ni wakoma waliofukuzwa Misri. Hata hivyo Warumi kwa muda mrefu waliwavumilia, maana waliiheshimu dini yoyote yenye umri mkubwa.

Mwaka 70 majeshi ya Roma yaliliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Mchango ambao kila Myahudi alikuwa akiupeleka Hekaluni ukageuzwa kodi ya hekalu la Jupita mjini Roma. Kodi ya namna hii inahitaji kujua nani hasa ni Myahudi. Mwanahistoria Suetonius anakumbuka alipokuwa kijana, wakati wa Kaisari Domitiani, aliona mbele ya mahakama iliyojaa watu mzee wa miaka 90 akivuliwa nguo ili aangaliwe kama ametahiriwa. Kama Wayahudi walikuwa wageni wanaoonekana waziwazi, mzee yule angevuliwa nguo ya nini?

Baada ya hapo ukaja ugomvi mkali kuliko wote, ule wa ndugu. Yesu alikuwa Myahudi, mama yake Myahudi, mitume wake Wayahudi. Wakristo wa mwanzo na Wayahudi walisoma maandiko yaleyale na kugombea urithi uleule. Kanisa lilijikuta na swali gumu: kama manabii wa Israeli walitabiri ujio wa Yesu, mbona wengi wa Waisraeli hawakumkubali? Jibu lililoshika mizizi ni kwamba wamepofuka na kukataliwa na Mungu, na kwamba damu ya Kristo iko juu yao na watoto wao milele. Kusulubisha kulikuwa adhabu ya Kirumi, na hukumu ilitolewa na gavana wa Kirumi. Lakini kanisa lililotaka kuishi vizuri na Roma halikuwa na sababu ya kulikazia hilo. Kanisa Katoliki lilikuja kulikana rasmi shtaka la Wayahudi wote kumuua Kristo mwaka 1965.

Hotuba kali zaidi za zama zile ni za Yohana Krisostomo, alizozitoa Antiokia mwaka 386 na 387. Anawaita Wayahudi majina ambayo sitayarudia hapa. Ukisoma kwa nini alikasirika hivyo, utakuta sababu ni kwamba waumini wake mwenyewe walikuwa wakienda masinagogi wakati wa sikukuu, wakishangilia baragumu na kufunga saumu pamoja na majirani zao. Kilichomuudhi padre ni ujirani.

Naye Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, ndiye aliyeipa Ulaya kanuni iliyodumu karne nyingi: Wayahudi wasiuawe, ila watawanyike na kuishi chini, wawe mashahidi hai kwamba maandiko ni ya kweli. Kanuni hiyo iliokoa maisha ya wengi. Ila iliwapa nafasi moja tu ulimwenguni, ya kusimama mlangoni, wasiingie wala wasiondoke.

Sasa tuje kwenye jembe lenyewe. Katika Ulaya ya zama za kati ardhi ilishikwa kwa kiapo cha Kikristo, na ufundi ulikuwa mikononi mwa vyama vya mafundi ambavyo kila kimoja kilikuwa na mtakatifu wake msimamizi. Myahudi hakuweza kula kiapo kile wala kuandamana nyuma ya sanamu ya mtakatifu. Kidogokidogo mashamba yakamponyoka na milango ya ufundi ikafungwa. Kilichobaki ni biashara, na baadaye kukopesha fedha. Kanisa liliwakataza Wakristo kutoza riba, na mwaka 1179 likaamua wakopeshaji Wakristo watengwe. Mahitaji ya mikopo hayakupungua kwa sababu hiyo. Mkulima alitaka mbegu, askari alitaka farasi, askofu alitaka kujenga kanisa kuu. Wakopeshaji Wakristo kutoka Italia na Ufaransa waliendelea pia, kwa mlango wa nyuma, lakini sura ya riba katika mawazo ya watu ikawa moja.

Uingereza ndiko mambo haya yanakoonekana kwa karibu. Haruni wa Lincoln alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi ile. Fedha zake zilisaidia kujenga monasteri na makanisa. Alipokufa mwaka 1186 mfalme Henry II alitwaa mali yote, na madeni yalikuwa mengi hata ikabidi kufunguliwa ofisi maalumu ya kuyadai. Ukweli ni kwamba aliyekuwa akivuna ni mfalme. Myahudi alihesabiwa mali ya taji, akitozwa kodi wakati wowote, naye ili alipe ilimbidi awabane wadeni wake. Mkulima aliyebanwa aliiona sura ya anayemgongea mlango. Aliyeko ikulu hakumwona.

Machi 1190, Wayahudi wa York, watu wapatao 150, walikimbilia ndani ya ngome ya mfalme kujiokoa. Walizingirwa, na wengi wakajiua wenyewe na familia zao badala ya kuangukia mikononi mwa umati. Waliotoka wakiahidiwa usalama walichinjwa. Kisha wenye kuongoza fujo, ambao baadhi yao walikuwa wadeni wakubwa, walikwenda moja kwa moja hadi kanisa kuu la York, mahali zilipohifadhiwa hati za madeni, wakazichoma moto palepale. Serikali nayo ilijifunza kitu: mwaka 1194 iliagiza kila hati iandikwe nakala mbili, moja ikae kwenye sanduku rasmi. Mfalme hakutaka tena madeni "yake" yateketee.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji miwani kuiona picha hii. Mhindi wa Kenya alizuiwa na serikali ya kikoloni kumiliki mashamba ya nyanda za juu, akabaki na duka, akalaumiwa kwa kubaki na duka. Ng'ambo ya mpaka, mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Mambo hayafanani kwa kila kitu, ila mtego ni wa fundi mmoja.

Mwaka 1275 mfalme Edward I alipiga marufuku Wayahudi kutoza riba, akasema wafanye biashara na kazi za mikono, huku vyama vya wafanyabiashara na mafundi vikiendelea kuwafungia milango. Sheria hiyohiyo iliagiza kila Myahudi kuanzia miaka 7 avae kifuani kipande cha kitambaa cha manjano. Mwaka 1290 aliwafukuza wote, na bunge likamshukuru kwa kumwidhinishia kodi nono. Hawakuruhusiwa kurudi hadi miaka ya 1650.

Kile kitambaa kilitokana na Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa kanisa uliofanyika Roma mwaka 1215. Watu wengi hudhani alama ile iliwekwa kwa sababu Wayahudi walikuwa tofauti. Uamuzi wa mtaguso wenyewe unasema kinyume chake: unalalamika kwamba katika baadhi ya majimbo wamechanganyika kiasi kwamba hawatambulikani, na watu wanakutana kimwili na wa dini nyingine kwa bahati mbaya, bila kujua. Walilazimishwa alama kwa sababu walifanana na wenzao.

Vivyo hivyo na ukuta. Kijana wa Dar es Salaam anaposema "niko geto" ana maana ya chumba chake cha kupanga, na sidhani kama wengi wanajua neno hilo limetoka wapi. Mwaka 1516 serikali ya Venice iliamua Wayahudi wote wakae kwenye kisiwa kimoja kidogo palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha madini, na wengi wanaona jina linatokana na kazi hiyo ya kuyeyusha. Milango ilifungwa jioni na kufunguliwa asubuhi. Walinzi walikuwa Wakristo, na mishahara yao ililipwa na waliofungiwa ndani. Kumiliki nyumba hawakuruhusiwa, walipanga tu. Watu walipozidi nyumba zikapandishwa ghorofa juu ya ghorofa, dari zikiwa chini ili nafasi itoshe. Mchana mji uliwahitaji, kwa biashara, kwa udaktari, kwa kuwakopesha maskini kwa rehani. Usiku ukawafungia.

Uongo nao ulifanya kazi yake. Huko Norwich, mwaka 1144, mtoto alikutwa amekufa, na mtawa mmoja akaja kuandika kwamba Wayahudi walimuua kwa ajili ya ibada. Uzushi huo ulisambaa Ulaya nzima, ingawa mapapa kadhaa waliukanusha. Tauni kuu ilipokuja, walisingiziwa kutia sumu visimani. Mjini Strasbourg walichomwa moto Februari 1349, kabla tauni haijafika mjini. Papa Klementi VI alikuwa amekwisha kueleza mwaka mmoja nyuma kwamba Wayahudi nao wanakufa kwa tauni hiyohiyo. Hakusikilizwa.

Katika nchi za Kiislamu mambo yalikuwa na umbo jingine. Wayahudi na Wakristo walihesabiwa Ahlul-Kitab, yaani watu wa Kitabu: walilipa kodi ya jizia, walikuwa chini ya Waislamu kisheria, lakini nafasi yao ilijulikana, na zaidi ya yote hawakuwa peke yao katika nafasi hiyo. Palikuwa na siku mbaya. Khalifa al-Mutawakkil aliwaagizia Wayahudi na Wakristo mavazi ya kuwatambulisha mwaka 850, na Granada ilishuhudia mauaji ya Wayahudi mwaka 1066. Lakini Hispania ilipowafukuza mwaka 1492, maelfu walipokelewa na dola ya Waturuki. Uzushi wa Norwich ulipozuka Damasko mwaka 1840, uliingizwa na Wakristo wa huko na kushabikiwa na balozi mdogo wa Ufaransa.

Hispania yenyewe inastahili tusimame kidogo, kwa sababu huko ndiko chuki ilikobadilisha ngozi. Baada ya mauaji ya mwaka 1391 maelfu ya Wayahudi walibatizwa, wengi kwa kulazimishwa. Kama tatizo lilikuwa dini, basi lilikuwa limekwisha. Lakini Wakristo hao wapya walianza kupanda vyeo, na mwaka 1449 mji wa Toledo ukapitisha amri kwamba mwenye asili ya Kiyahudi asishike ofisi ya umma, hata akiwa Mkristo. Papa aliilaani amri hiyo, lakini wazo la usafi wa damu likaenea. Sasa hata maji ya ubatizo hayakutosha kumtoa mtu ugenini.

Mapinduzi ya Ufaransa yalileta jembe hatimaye, pamoja na masharti. Desemba 1789 mbunge Clermont-Tonnerre alisema Wayahudi wanyimwe kila kitu kama taifa, na wapewe kila kitu kama mtu mmoja mmoja. Uraia ulikuja mwaka 1791, na nchi nyingine zikafuata katika karne ya 19. Watoto wa mageto waliingia shule, udaktari, uanasheria, magazeti. Wakanyoa ndevu, wakaimba nyimbo za taifa, wakafia vitani.

Hapo lawama ikageuka kichwa chini miguu juu. Zamani kosa la Myahudi lilikuwa kutofanana nasi. Sasa likawa kufanana mno. Eti amejificha katikati yetu. Mwaka 1879 Mjerumani Wilhelm Marr alilitangaza neno jipya, antisemiti, yaani mpinga Wayahudi, ili chuki ya zamani ipate koti la kisayansi. Watu hubishana mitandaoni kwamba Mwarabu hawezi kuwa antisemiti kwa kuwa naye ni Msemiti, yaani mtu wa lugha za ukoo wa Kiarabu na Kiebrania. Ubishi huo unatokana na kulichukua neno lile kwa maana ya ukoo wa lugha. Marr alikuwa na Wayahudi akilini. Huko Urusi kikatungwa kile kinachoitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni, kilichochapishwa mwaka 1903, kikidai kuna njama ya Kiyahudi ya kuitawala dunia. Gazeti la The Times lilionyesha mwaka 1921 kwamba sehemu kubwa imenakiliwa kutoka kijitabu cha Kifaransa cha mwaka 1864 ambacho hakikuwazungumzia Wayahudi kabisa. Bado kinapita kwenye simu za watu, mara nyingine kikipachikwa kwenye mjadala wa Palestina, ambao una hoja zake za ardhi na utawala na hauhitaji msaada wa kijitabu cha kughushi kutoka Urusi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Wayahudi wapatao 100,000 walilitumikia jeshi la Ujerumani. Mwaka 1916 jeshi hilo liliagiza wahesabiwe, kutokana na uvumi kwamba wanakwepa mstari wa mbele. Matokeo hayakutangazwa wakati wa vita. Takriban 12,000 walikufa wakiipigania nchi iliyokuwa ikiwahesabu.

Sheria za Nuremberg, zilizotungwa na utawala wa Wanazi wa Hitler huko Ujerumani mwaka 1935, zilijigamba kuwa za damu. Damu, hata hivyo, haikuonyesha chochote. Ikabidi watumishi wa serikali wapekue vitabu vya ubatizo na rejista za dini: Myahudi ni yule ambaye babu na bibi zake watatu au wanne walikuwa wa dini ya Kiyahudi. Mwaka 1938 pasi zao ziligongwa herufi J, na wasiokuwa na jina linalotambulika wakaamriwa kuanzia Januari 1939 waongeze Israel kwa wanaume na Sara kwa wanawake. Septemba 1941 ikarudi alama ya manjano, safari hii kuanzia miaka 6. Hadi vita ilipokwisha mwaka 1945 walikuwa wameuawa Wayahudi wapatao milioni 6.

Kuna mkasa mmoja uliotugusa sisi, nao ni wa nyuma kidogo. Aprili 1903 Wayahudi wa Kishinev, katika dola ya Urusi, waliuawa na nyumba zao kuvunjwa. Mwaka huohuo Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, ambaye alikuwa ametoka kuipanda reli ya Mombasa, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliokuwa wakiwatafutia Wayahudi nchi yao, wazo la kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki; eneo lililokuja kupendekezwa ni uwanda wa Uasin Gishu. Mpango uliitwa wa Uganda kwa sababu eneo lile lilikuwa limetolewa Uganda na kuhamishiwa himaya ya Afrika Mashariki mwaka mmoja tu uliopita. Kwa hiyo jembe lilipotolewa, lilikuwa kwa ajili ya shamba la mtu mwingine. Wanandi hawakuulizwa.

Walowezi wa Kizungu ndio walioulizana wenyewe kwa wenyewe. Lord Delamere, aliyekuwa ndiyo kwanza anapewa ardhi yake nchini, alipeleka simu ya maandishi kwa The Times kulalamika kwamba wageni wanaletwa. Mkutano wa Wazayuni huko Basel ulipiga kura 295 kwa 178 kutuma watu wakaione ardhi. Watatu walifika mwanzoni mwa 1905, na katikati ya mwaka huo mkutano uliofuata ukaukataa mpango. Bunge la Uingereza, mwaka huohuo wa 1905, lilipitisha sheria ya kuzuia wahamiaji, ambayo iliwalenga hasa Wayahudi waliokuwa wakiikimbia Urusi. Oktoba 1905 kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, alipigwa risasi na ofisa wa Kiingereza kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Kufikia 1908 Makaburu walikuwa wakipanda uwandani na magari yao ya ng'ombe, wakiwa na hati za mashamba mkononi.